Kigingi cha Mwaloni na Kinu cha Mama Yako

Nafula, kukhu wangu,

Umetoka na wenzako wa kanisani kwenda kuagana, na nyumba imenyamaza kama vile umeshaondoka. Sanduku lako liko mlangoni. Nimelisogeza upande huu, nimelirudisha upande ule, bila sababu yoyote ila kuwa na kitu cha kushika. Ni Jumapili mchana, jua limejaa jikoni, na mimi nimekaa mezani na kalamu, naandika Kiswahili ambacho najua utakisoma polepole. Ukikwama, soma kwa sauti. Ukijisikia utaelewa, maana ndivyo ulivyokizoea tangu utoto, kwa masikio.

Sitakuandikia habari za koti, wala za kula, wala za kusali. Buffalo unaijua kuliko mimi, umekwenda huko kila likizo, na mama yako yupo. Nina swali moja tu, limenikaba tangu siku chuo kilipokukubali. Utarudi? Siulizi habari za Krismasi. Nauliza kama hapa Louisville bado ni kwenu, au kama kesho unatoka vile alivyotoka mama yako.

Nimejaribu kukuuliza kwa mdomo. Alhamisi tukiwa kwenye gari nilifungua kinywa kabisa, kisha nikakuuliza kama umenunua mafuta ya nywele. Ulinicheka ukasema, "Dad, I'm good." Kwa hiyo nimeamua kuandika, na barua hii nitaiweka kwenye mfuko wa chapati. Najua utaufungua kabla hujavuka Kentucky.

Wiki iliyopita ulipokuwa unapanga vitu ulivuta lile boksi la makala yangu ya akiolojia kutoka chini ya kitanda cha wageni. Nilikukuta umekaa sakafuni, unasoma yale ya mwisho. Ukainua uso ukasema, "This is actually good. So what happened to the wood?" Nikakwambia ni hadithi ndefu, nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi. Wala si ndefu. Nitakusimulia, kwa sababu ndiyo inayoeleza kwa nini baba yako, mtu mzima mwenye shahada zake ukutani, hawezi kukuuliza swali la neno moja.

Kinamasi changu kiko mashariki mwa Uingereza, au kilikuwa. Zama za Warumi watu walichemsha maji ya chumvi pembeni mwake, walifuga ng'ombe kwenye vinundu vya nchi kavu, na walivuka matope kwa njia iliyotandazwa miti. Nilifika pale mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi wa Columbus, nimetumwa na profesa wangu kuchimba wakati wa kiangazi. Wenzangu wote walilalamikia matope. Mimi nilikuwa nyumbani. Bibi yangu, yule uliyepewa jina lake, ndiyo maana nakuita kukhu, yaani bibi, hata ukiwa umenuna, aliishi ukingoni mwa kinamasi cha Yala, kwetu Kenya. Wanawake wa pale walikuwa na njia yao ya kwenda ng'ambo. Walikata mafunjo, wakayalaza, wakayakanyaga, na yakizama wakaongeza mengine juu. Hakuna aliyeijenga njia ile na hakuna aliyeimaliza. Nilipita juu yake nikiwa mdogo, maji yakinifika vifundoni, nimeshikilia nguo yake kwa nyuma.

Sasa nifikirie nimepiga magoti shimoni huko Uingereza, natoa udongo mweusi kwa vidole na kijiti cha mbao, maana chuma kinakwaruza, na chini yake zinatokea fito. Zimesukwa, Nafula. Zimesukwa vile vile ukuta wa nyumba ya udongo unavyosukwa kwetu kabla ya kukandikwa. Gome lilikuwa bado liko. Makato ya shoka yalikuwa bado yana ncha. Kulikuwa na jani moja la kijani, kijani kabisa, ambalo liligeuka jeusi mbele ya macho yangu kwa sababu lilikuwa limepata hewa. Nililia. Wenzangu wakadhani nimejikata, mmoja akakimbia kutafuta bandeji.

Kinamasini vitu haviozi kwa sababu maji yanazuia hewa. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kazi ile, ambayo mwanafunzi huambiwa kabla hajapewa hata buti, ni kwamba kilichotoka majini kibaki majini. Unakinyunyizia huku unachimba, unakifunika kwa sponji iliyolowa, unakilaza kwenye beseni. Mti uliolala humo karne zote hizo hauna tena nguvu zake. Maji ndiyo yanayoushikilia umbo. Ukikauka unajikunja na kupasuka, na hakuna fundi wa kuurudisha.

Makala yangu ya kwanza yalihusu zile fito. Ya pili yalihusu mbawakawa, maana mbawakawa wa maji yaliyotuama si wale wa maji yanayotembea, na mabawa yao magumu hubaki matopeni mtu akayasoma kwa hadubini. Ya tatu yalikuwa juu ya chavua za mimea. Nilikuwa na furaha miaka hiyo, nataka ujue hilo. Baadaye nikaandika haya uliyoyasoma, yaliyonipa jina na ndiyo yaliyonimaliza. Wataalamu walikuwa wanaamini njia ile ilijengwa na askari wa Kirumi. Mimi nikadai hapana, watu wa kinamasi wenyewe ndio walioiweka, tabaka juu ya tabaka, kabla Warumi hawajafika. Warumi waliikuta, wakaitumia, wakaongeza vigingi vyao.

Kulikuwa na mama mmoja, profesa Mwingereza, ambaye hakukubaliana nami. Alikuja Columbus kwenye mkutano, akanifuata na kikombe chake cha chai. "Makala yako ni mazuri sana," akasema, "lakini nafikiri unamchimbua bibi yako, humchimbui Mrumi." Nilitabasamu kwa adabu, moyoni nikiwa nimewaka. Kisha akasema jambo la ukarimu kabisa. "Una kile kigingi cha mwaloni chenye gome. Kilete kwenye maabara yangu tuhesabu pete zake. Ukiwa wewe ndiye uliye sahihi, mimi mwenyewe nitasimama mbele za watu niseme."

Kigingi hicho ndicho ulichoniuliza. Katika njia nzima kilipatikana kimoja tu cha mwaloni ambacho gome lake lilikuwa halijatoka. Mti huo huongeza pete moja kila mwaka, na pete ya nje kabisa, ile inayogusana na gome, ndiyo mwaka uliokatwa. Kipimo cha kaboni hakikuweza kutusaidia, kinatoa miaka kwa upana, na Warumi waliingia katikati ya upana huo. Kigingi kilikuwa kwangu, nimeazimwa kwa uchunguzi. Nikamwambia yule mama, mwaka ujao. Mwaka ujao ulipofika nikamwambia nina maandishi ya kumaliza kwanza. Nilikuwa naogopa. Niliona heri nibaki mtu ambaye huenda yuko sahihi.

Labda unalikumbuka beseni. Refu, la plastiki ya kijivu, kwenye chumba cha chini ya nyumba kule Columbus. Ulikuwa unashuka na kikombe chako chekundu kunisaidia kubadilisha maji. Siku moja ulidhani kigingi kinaona baridi, ukakifunika na taulo lako la bata. Mama yako alisimama ngazini akatuangalia. Alikuwa ametoka zamu ya kuwatunza wazee, miguu imevimba, bado hajavua kitambulisho shingoni.

"Papa Nafula, we uko na batoto wawili," akasema. "Huyu wa pili analalaka tu, halii, haombi viatu. Bon, njo sababu unamupenda kuliko sisi."

Alicheka, nami nikacheka. Kazi yake ndiyo iliyokuwa inatulisha sote, pamoja na huyo wa pili.

Kisha nikapata kazi ya kufundisha hapa Louisville, mkataba wa mwaka mmoja. Mama yako hakutaka kuja. Watu wake wote walikuwa Buffalo, West Side, kule nilikompata nilipokwenda na kwaya ya kanisa letu, na Louisville ilikuwa inamsogeza mbali nao zaidi. Lakini alifunga vitu, hakugomba. Lori tulilokodi lilikuwa dogo. Nilimwaga maji ya beseni ili tuweze kulinyanyua, nikakifunga kigingi kwa mataulo yaliyolowa na plastiki, nikakilaza humo, nikaliingiza beseni la kwanza, ndani kabisa, lisitikisike. Nilikuwa nitalijaza tena tukifika. Likala nafasi kubwa. Mwishoni kila kitu kikawa kimeingia isipokuwa kinu.

Kile kinu cha kutwangia sombe, yale majani ya muhogo, Nafula, ambacho hukukijua vizuri kwa sababu yangu. Bibi yako mzaa mama alikipata kambini walipokimbia Kivu. Alipopewa ruhusa ya kuja Marekani aliacha nguo akabeba kinu, amekifunga kwa kitenge, na mama yako alipoolewa akampa yeye. Kilikuwa kizito, upande mmoja kimeungua chini. Nikasema, "Tutanunua kingine." Nikakiweka ukingoni mwa barabara karibu na godoro bovu.

Mama yako alikuwa ameshakaa mbele, wewe katikati yetu. Alikiona kwenye kioo cha pembeni tulipokuwa tunaondoka. Hakusema neno hadi Cincinnati, na pale alichosema ni kwamba anataka maji ya kunywa. Mimi nilidhani amechoka. Mtu wa mbao mimi, mtu aliyelia kwa ajili ya jani, sikukiona kile kinu. Kingekuwa kimelala matopeni ningekiandikia makala.

Wiki haikuisha, akasema mama yake anaumwa, anakwenda Buffalo kumwangalia. Wewe akakuacha kwa kuwa shule ilikuwa imefunguliwa. Alibeba begi dogo. Mlangoni alisimama, akaniangalia kwa muda mrefu kuliko watu wanavyoangaliana wanapoagana kwa siku chache, nami nikamuuliza kama amebeba chaja ya simu. Akasema amebeba.

Akakaa huko. Tulizungumza kwenye simu habari za homa yako, za meno yako, za ripoti ya shule. Kila tulipozungumza swali lilikuwa mdomoni: Furaha, unarudi? Nikiuliza, nilijiambia, atasema hapana. Nisipouliza, bado ni mke wangu aliyekwenda kumwangalia mama yake. Watu wa kanisani wakiuliza niliwajibu hivyo hivyo, wakaniombea bibi yako apone, na bibi yako alikuwa ameshapona zamani, akiuza maandazi kwenye baraza la nyumba yake. Karatasi za talaka zilipokuja nilizisaini bila kuuliza kitu. Nilijiona mstaarabu.

Na nywele zako. Unapenda kuwaambia rafiki zako kwamba baba yako alijifunza kusuka, na wanasema oh, ni vizuri sana. Nilijifunza kweli, kwa video na kwa kina mama wa kanisa, nikikuumiza na kukuomba msamaha. Nilifanya kwa mapenzi. Lakini mbele za Mungu, nilifanya pia ili nisilazimike kumpigia mama yako kumuuliza anarudi lini.

Beseni wakati wote huo lilikuwa gereji. Nilipaswa kulijaza maji siku ile ile tuliyofika. Nikasema kesho. Mama yako akaondoka, na tangu hapo sikuingia gereji ila kutoa baiskeli yako, na nilikuwa naitoa nimegeuza uso. Joto la Louisville unalijua. Nilipokuja kufungua ile plastiki hakukuwa na hata harufu. Kigingi kilikuwa kimejikunja, gome limeachana nacho, na upande wa nje, pale penye zile pete za mwisho, ukavunjikavunjika mkononi mwangu kama majani ya chai. Nilijaribu kuupanga juu ya gazeti nihesabu. Nikashusha pumzi bila kukusudia, vipande vikaruka.

Niliwaandikia wenye mali nikawaambia ukweli. Walinijibu kwa ustaarabu, na hawakuniazima kitu tena. Yule profesa nilitaka kumpigia, sikumpigia, na sasa amefariki. Sijui kama nilikuwa sahihi au kama nilikuwa namchimbua bibi yangu, na sitajua hadi nakufa.

Mtu angesema, si urudi ukachimbe kingine. Hakuna pa kurudi. Mashamba ya viazi yamekizunguka kinamasi, pampu zinavuta maji mwaka mzima, ule udongo mweusi umekauka na upepo unauondoa. Mwenzangu mmoja alinitumia picha. Fito zilizokuwa zimebaki chini zimekuwa michirizi ya vumbi. Kwa hiyo kilichobaki duniani cha njia ile ni makala yangu, na makala yangu yamejaa neno "inawezekana". Nilianza kulipigia mstari kila lilipotokea, nikachoka ukurasa wa tatu.

Mkataba ulipokwisha hawakuongeza. Niliomba kwingine na kwingine, kisha nikaacha kuomba, nikaenda Jeffersontown, kwenye yale maghala, na ndiko nilikokulelea. Wenzangu Wakongomani wananiita Prof. Juzi mmoja wao, Baba Amani, alinishikia katoni mbele ya wote: "Prof, we unajuaka potopoto ya Waroma, bon, tuambie hii inaenda wapi?" Matope nayajua kweli. Tukacheka sana. Ni watu wema, ndio waliokuletea ugali na samaki ulipolazwa. Lakini zipo siku nasimama katikati ya rafu, chini ya zile taa nyeupe, nikaona kwamba maisha yangu yote nimeyaacha yakauke nikiogopa kuambiwa nimekosea. Hakuna kinachofuata baada ya kuona hivyo. Kengele inalia na nasukuma mkokoteni.

Mwaka jana tulipokwenda Buffalo kumzika bibi yako, wewe ulikuwa sebuleni na binamu zako. Mimi nilikuwa napita na viti, nikasimama karibu na mlango wa jikoni kwa sababu kina mama walikuwa wameziba njia. Mmoja akauliza, "Kinu ya Mama iko wapi? Tutwange sombe ya matanga." Mama yako alikuwa kwenye sinki, hakugeuka. "Ilibakiaka Columbus," akasema. Wakatoa sombe ya dukani, ya barafu, wakaanza kuigonga kwa kijiko iachane.

Baadaye alinikuta nyuma ya nyumba nakunja vile viti. Alikuwa ameshaolewa na Baba Elia, mtu mpole, najua unampenda, na mimi sina neno juu yake. Akasimama na kitambaa cha kufutia mikono.

"Unajua juu ya nini nilikuachiaka mtoto?" akauliza.

Nikasema, shule.

"Shule ya nini! Nilikuachia Nafula juu upate sababu ya kuya. Nilisema, huyu bwana hatawezaka nywele ya mtoto, atakuya tu. Nikangoja. Haukuya. Haukuuliza. Siku moja tu ungeuliza, 'Furaha, unarudia?' Donc mi ningerudia."

Akachukua viti viwili akaingia navyo ndani. Mimi nilibaki pale nikikunja vilivyobaki, na nilipomaliza nikavikunjua nikavikunja upya, kwa sababu sikuweza kuingia.

Jibu lilikuwa ndiyo. Miaka yote niliyokuwa nalikimbia, lilikuwa ndiyo. La kigingi silijui, na linaniuma. Hili nalijua, na ningetoa chochote nisilijue.

Sasa wewe. Majibu ya chuo yalipokuja kwenye simu uliyaacha bila kuyafungua. Niliona unavyoilaza simu kifudifudi mezani, unavyoikwepa kama nilivyoikwepa gereji. Ulikaa hivyo siku nyingi. Ulipofungua ilikuwa ndiyo, ukapiga kelele, tukaenda kula kuku. Nilicheka nawe na nilikuwa naogopa, kwa sababu sikukufundisha jambo lile na umelipata kwangu vile vile. Pia hujawahi kuniuliza kwa nini mama yako aliondoka. Hata mara moja, Nafula, miaka yote hii. Nimewaza kwamba labda unadhani ni kwa sababu yako, na unaogopa nikuambie hivyo. Haikuwa wewe. Ilikuwa ni kinu, na kabla ya kinu ilikuwa ni mimi, na ukifika kwake muulize mwenyewe, usikubali akupe chai badala ya jibu.

Uliniomba boksi lote la makala. Silitoi, utajazia chumba vumbi. Nimekuwekea haya ya mwisho tu, chini ya sweta la bluu. Kwenye ukurasa wa mwisho, pale ninapohitimisha kwa maneno mengi yenye tahadhari, nimeandika pembeni kwa kalamu: sijui. Ningeandika hivyo wakati ule na kumpelekea yule mama kigingi chake, pengine ningekuwa na mahali pa kufundisha. Pengine nisingekuwa napo. Hata hilo silijui.

Basi lako litasimama Columbus, abiria huwa wanashuka kunyoosha miguu. Nipigie ukiwa pale. Nitakuwa zamuni. Simu haziruhusiwi ghalani, tunaziacha kwenye makabati, lakini kesho nitaibeba mfukoni na wakinifukuza wanifukuze. Usianze na habari za basi, wala za chapati. Niambie kama utarudi. Ikiwa ni hapana, sema hapana. Sitalia kwenye simu, nitakuambia asante, mwanangu, safari njema, na nitarudi kwenye mkokoteni wangu. Nina haki ya kuumia na wewe huna deni la kunizuia. Kitu kimoja tu nakuomba, usiniambie "we'll see, Dad". Nimeishi ndani ya neno hilo, nakwambia hakuna hewa humo.

Nasikia gari limesimama nje. Unacheka na mtu, unamwambia asubiri, unatafuta funguo ambazo ziko hapa mezani karibu na mkono wangu. Naikunja karatasi hii sasa, la sivyo nitakufungulia mlango nikuulize umekula nini.

Nadhani nalijua jibu lako. La mama yako pia nilidhani nalijua.

Baba